Nani Anayewanunua Vijana?

Katika mabaraza yetu ya Unguja na Pemba pana maneno yanayosemwa siku hizi ambayo gazeti lenu haliwezi kuyapita kimya. Wanasema baadhi ya wenzetu, na wanasema kwa uchungu wa kweli, kwamba maadamu misimu ya uchaguzi imetuletea vijana wa marungu, wenye nyuso zilizozibwa, wanaopiga watu na kuvunja milango, basi na sisi tuwakusanye vijana wetu, tuwape posho, fulana na marungu, ubaya ulipwe kwa ubaya. Wenye kusema hivyo hatuwalaumu kwa hasira yao. Aliyepigwa hafundishwi kulia. Lakini kabla neno hilo halijawa azimio la tawi lo lote, twamwomba kila mwanachama ayapeleke macho yake bara kwa muda, juu katika nyanda za Kigoma, mahali panapoitwa Nyarugusu.

Nyarugusu ni kambi ya wakimbizi iliyo katika wilaya ya Kasulu. Ilifunguliwa mwaka 1996, wakati watu wa Kivu ya Kusini, wa Uvira na Fizi na vijiji vya ukingoni, walipolivuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kongo. Walitazamia kukaa misimu michache. Mtoto aliyezaliwa chini ya turubali katika miaka ile ya mwanzo sasa ni mtu mwenye ndevu, na huenda na yeye ana watoto waliozaliwa pale pale. Kisha mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alipoutaka muhula wa tatu, Warundi nao wakamiminika. Walisongamana katika kijiji kidogo cha Kagunga, ufukoni mwa ziwa, kipindupindu kikawaingia, na meli kongwe ya Liemba ikawa inawachukua safari kwa safari hata Kigoma mjini, na kutoka hapo wakapandishwa Nyarugusu. Kambi iliyokuwa na watu wapatao 60,000 ikafika watu zaidi ya 150,000 kabla mwaka haujesha, ikawa hapana budi kufungua tena kambi ya Nduta upande wa Kibondo na ya Mtendeli upande wa Kakonko.

Atauliza mtu: yatuhusu nini hayo sisi watu wa visiwani? Kwanza, yatuhusu kwa kuwa tumeyaonja. Baada ya mauaji ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, ndugu zetu zaidi ya 2,000, wengi wao kutoka Pemba, walivuka bahari hata Shimoni, Kenya, na wako waliofikishwa hata kambi za Dadaab. Mtu wa visiwa hivi hana haki ya kumtazama mkimbizi kama kiumbe cha ajabu. Lakini iko sababu ya pili, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Warundi wale hawakufukuzwa na askari peke yao. Wengi wao, walipoulizwa walimkimbia nani, walijibu kwamba waliwakimbia vijana wa mtaani kwao.

Vijana hao huitwa Imbonerakure, jina ambalo kwa Kirundi maana yake ni wenye kuona mbali. Si genge lililozuka gizani. Ni jumuiya ya vijana ya chama kinachotawala, CNDD-FDD, chama kilichotoka msituni, na baadhi ya vijana hao walikuwa wapiganaji wa zamani walioiweka chini bunduki wasipate cha kushika mahali pake. Chama kikawapa cha kushika. Kiliwapa nyimbo, mbio za pamoja za asubuhi, na zaidi ya yote kiliwapa cheo mbele ya jirani zao. Kijana ambaye jana alikuwa akiomba kazi ya kulima shamba la mtu, leo ndiye anayemsimamisha mwenye shamba njiani na kumwuliza atokako na aendako. Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya Tume ya Uchunguzi ya mwaka 2017, uliwataja Imbonerakure pamoja na polisi, jeshi na idara ya usalama miongoni mwa waliohusika na mauaji, mateso na ubakaji. Wala hatusemi kwamba kila kijana aliyeimba nyimbo zile ni muuaji. Wako, bila shaka, walioingia ili tu wasije wakagongewa mlango wao wenyewe. Lakini hivyo ndivyo genge linavyokua. Wa kwanza huingia kwa tamaa, wa pili kwa njaa, na wa tatu huingia kwa kuwaogopa wale wawili.

Sasa tazameni upande wa pili, huko kambini walikokimbilia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilowekewa, asitoke bila ya kibali. Kwa hiyo kijana wa Nyarugusu mwenye nguvu za kubeba magunia hawezi kwenda kuyabeba Kasulu mjini, na akienda kwa siri hulipwa nusu, kwa kuwa mwajiri wake anajua hana pa kushitaki. Hata hivyo watu walijitahidi. Palikuwa na masoko ya pamoja, ambapo Mha wa kijijini alileta muhogo na maharage, na mkimbizi akaleta mafuta aliyoyabania katika posho yake au ufundi wa mikono yake. Desemba 2016 ulianza mpango wa kuwapa baadhi ya wakimbizi fedha taslimu badala ya chakula. Sisi tulio nyuma ya mizani twajua maana ya jambo hilo kuliko wataalamu: shilingi moja ikipita katika mikono ya kinyozi, fundi cherahani, mwenye baiskeli na muuza vitumbua, watu wanne wamekula na hakuna aliyeiba. Mpango ule ukasitishwa Agosti 2017. Katika miaka miwili iliyofuata masoko yakafungwa na biashara ndogo ndogo zikabanwa. Posho ya chakula nayo ikapunguzwa mara baada ya mara, hata mwaka 2023 ikashuka mpaka nusu ya kiwango. Ulibaki mlango mmoja wa matumaini khasa kwa Wakongo, nao ni kuchukuliwa kwenda kuishi Marekani. Januari 2025 mlango huo ukafungwa na serikali mpya ya huko.

Serikali ilikuwa na sababu zake, nazo si za kupuuzwa zote. Nchi masikini kukaa na mamia ya maelfu ya wageni kwa miongo mitatu si mzigo mwepesi, na waliokuwa wakiahidi kusaidia hawakutimiza. Lakini mwenye duka hupima sera kwa kitu kimoja: imeacha nini mkononi mwa mtu? Hii imemwachia kijana mikono mitupu na mchana mrefu.

Tena iko njaa isiyokuwa ya tumbo. Kijana yule amesoma skuli ya kambini kwa mtaala wa nchi ambayo huenda hajapata kuiona, na cheti chake hakimfungulii mlango katika nchi aliyomo. Jina lake limo katika kadi ya posho ya familia, mstari mmojawapo miongoni mwa mistari. Babake, ambaye huko Fizi alikuwa mvuvi mwenye mtumbwi wake na neno lake likisikilizwa, hapa anapanga foleni ya unga kama mtoto. Kijana akitazama mbele haoni kitu, na akimtazama mzazi wake anaona sura yake mwenyewe ya baadaye. Akitokea mtu akamwita kwa jina, akamwambia wewe ni shujaa, nakutaka, hakuuzwa bado? Jina la bandia, kofia ya namna moja, alama ya mkononi, ndivyo anavyonunuliwa, tena kwa bei ndogo kuliko ya kilo ya sukari. Fedha huja baadaye, na mara nyingi hazifiki kabisa. Kinachofika mapema ni kazi ya kwanza chafu, na akishaitenda hana tena pa kurudi, kwa kuwa wenzake wana siri yake na yeye ana yao.

Hapa twataka wanachama watuelewe vizuri, maana wako watu wepesi wa kusema kwamba umasikini ndio unaozaa magenge, wakaishia hapo. Si kweli, na Nyarugusu ni shahidi. Vijana wengi wa kambi ile, kwa dhiki yote tuliyoieleza, hawakuingia katika genge lo lote. Wanafyatua matofali, wanakata nywele, wanaimba katika makwaya, wanasoma. Wako hata wanaolinda kambi usiku bila ya bunduki, katika ulinzi unaoitwa sungusungu, jina lililotoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi waliojikusanya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Rika ni lile lile, njaa ni ile ile, kirungu ni kile kile. Tafauti ni kwamba mlinzi huyu anajulikana jina, ana mkubwa anayemjibu, na akimpiga mtu bila ya haki anaweza kushitakiwa. (Na hata sungusungu wa bara, kila walipoachwa bila ya wa kuwauliza, walipata kuwapiga na kuwaua watu wasio na hatia.) Umasikini huleta bidhaa sokoni. Ili pawe na biashara, lazima awepo mnunuzi.

Nao wanunuzi hawakosekani penye kambi. Mwanzoni mwa mwaka 2016 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliliarifu Baraza la Usalama kwamba vijana wa Kirundi walioko Rwanda, wa kambi ya Mahama, walikuwa wakiandikishwa na kufundishwa silaha ili warudi kuipiga serikali ya kwao. Rwanda ilikanusha. Liwe lililokuwa, fikirini mzunguko wake: kijana anamkimbia kijana wa chama aliyekodiwa, anafika kambini, anakaa bila ya kazi, kisha anatokea mwingine anayetaka kumkodi yeye. Anavuka mpaka kwa miguu mara mbili, mara ya kwanza akiwa mwenye kuonewa, na mara ya pili akiwa amekuwa kama wale waliomwonea.

Amma madhara kwa jamii, wenye kudhani kwamba genge humwumiza yule tu aliyeporwa hawajapata kuishi karibu nalo. Kwa miaka mingi mabasi ya njia za Kibondo na Kasulu yalisindikizwa na polisi wenye silaha kwa khofu ya majambazi wa porini. Baadhi ya majambazi wale walikuwa wageni, baadhi walikuwa wenyeji, na mara nyingi mgeni hakuweza kuijua njia bila ya mwenyeji. Lakini lawama ilikwenda kwa nani? Ilimwendea kila mkimbizi. Mama aliyetoka kutafuta kuni, ambaye yeye mwenyewe anavamiwa huko porini na kudhalilishwa, akirudi kijijini anatazamwa kama jambazi. Watu wachache wenye bunduki wakawatia alama usoni maelfu wasiowajua, na uhusiano wa soko, wa kuazimana jembe na kuhudhuriana misiba, uliojengwa kwa miaka ishirini, ukalegea.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya porini na kambini tu. Dar es Salaam, mji tunaoufikia kwa boti kabla kahawa haijapoa, ilionja mwanzoni mwa Januari 2015, pale vijana walioitwa Panya Road walipopita mitaani wakipora baada ya mwenzao kuuawa na umati wa watu. Mamia wakakamatwa. Septemba 2022 jina lile likarudi, pakawa na mauaji majumbani, na polisi nao wakatangaza kwamba wamewaua watuhumiwa kadhaa. Angalieni mpangilio huo. Kijana aliiba au alidhaniwa ameiba. Watu hawakumpeleka kwa hakimu, wakamwua. Wenzake wakalipiza kwa watu wasiomjua. Na miaka baadaye dola nayo inajibu kwa risasi. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeanza. Kinshasa, ambako magenge ya vijana huitwa kuluna, polisi walifanya operesheni iliyoitwa Likofi mwezi Novemba 2013, na shirika la Human Rights Watch likaeleza mwaka uliofuata kwamba vijana wasiopungua 51 waliuawa na 33 wakapotea, wengine wakitolewa majumbani mwao mbele ya wazazi. Kuluna wapo hata leo.

Tena mtaa wenye genge hubadilika katika mambo madogo ambayo hayaandikwi katika ripoti. Maduka hufungwa Magharibi. Mwalimu wa chuo huwaruhusu watoto mapema. Mzee aliyekuwa akimkemea mtoto wa jirani, na jirani akamshukuru, sasa hutazama pembeni. Na wako wafanyabiashara wenzetu wanaowapa vijana wa kijiweni fedha kidogo kila wiki ili duka lisiguswe, wakaita jambo hilo ulinzi. Hawajui kwamba wamekwisha kuwa mnunuzi wa kwanza, na kwamba wiki ambayo hawatalipa, watalindwa na nani dhidi ya walinzi wao?

Turudi katika neno la barazani. Watu wetu wanakumbuka waliowabandika jina la Janjaweed katika uchaguzi wa mwaka 2005, na Mazombi waliotajwa mwaka 2016, waliokuja usiku wakiwa wamejifunika nyuso. Hao walikuwa watoto wa nani? Walikuwa watoto wa visiwa hivi hivi, au wa nchi hii hii. Aliyewafunika nyuso alijua kwamba mama zao wangewatambua. Na ninyi mnaotaka na sisi tuwe na wetu, mmefikiri siku ya pili baada ya uchaguzi? Kenya wanaijua siku hiyo. Mungiki ilipigwa marufuku mwaka 2002, lakini wanasiasa hawakuacha kuitafuta, na Tume ya Waki iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ilieleza jinsi vijana wake walivyotumiwa kuua watu Naivasha na Nakuru. Desemba 2016, uchaguzi mwingine ukikaribia, serikali ya Kenya ilitangaza orodha ya magenge karibu 90 yaliyokatazwa, na Mombasa ilikuwa na yake. Kura zikishahesabiwa, mwanasiasa hurudi nyumbani kwake na huzima simu. Kijana hubaki na panga na njaa katika mtaa ule ule, na mtaa huo ni wetu sisi, si wa mwanasiasa.

Sheria nayo iko wazi. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yanakikataza chama kuunda kikosi cha namna ya kijeshi. Mtasema kwamba sheria hutupata sisi tu na wengine hupita. Huenda. Basi tusiwape wanaotutafutia sababu ile sababu wanayoitafuta.

Jee, tukae tupigwe? Hatukusema hivyo. Kila aliyepigwa aandikwe jina, mahali, saa, na jina la aliyempiga ikiwa anajulikana. Apelekwe hospitali siku ile ile na cheti chake kiwekwe. Wapatikane mashahidi wawili wasiokuwa jamaa. Na wakili aitwe kabla ya mkutano wa hadhara, si baada yake. Kijana wetu asitoke peke yake usiku wa kampeni, afuatane na watu wazima wanaojulikana mtaani, bila ya kitu mkononi. Njia hii ni ndefu, inachosha, na kesi zetu nyingine zimelala makabatini miaka mingi. Twalijua hilo. Lakini Mrundi aliyefika Nyarugusu akiwa na mtoto mgongoni hakukimbia kwa kukosa vijana wa marungu nchini mwake.

Jambo moja liko katika uwezo wetu bila ya kungoja serikali wala uchaguzi. Vijana wanaokaa vijiweni kutoka asubuhi hata usiku, wengine wakiwa wamekwisha kuingia katika unga, tunawapita kila siku tukienda dukani na msikitini. Twawajua kwa lakabu zao, hatuzijui khabari zao. Kwa hiyo twawaomba makatibu wa matawi yote, Unguja na Pemba, kabla ya mwisho wa mwezi ujao, waandike orodha ya vijana wa eneo lao wa miaka 15 mpaka 25 wasiosoma na wasiokuwa na kazi, bila ya kuuliza chama cha baba zao. Mbele ya kila jina pawe na jina la mwanachama mmoja mwenye duka, chombo, shamba, karakana au cherahani atakayekubali kumchukua kijana huyo kumfundisha kazi, japo kwa siku tatu katika wiki, kwa ujira unaojulikana na kulipwa Ijumaa. Tawi litakalokosa wenye kukubali lituletee orodha hivyo hivyo, na nafasi iliyo tupu iachwe tupu, ili halmashauri ione kwa macho yake ni vijana wangapi tuliowaachia mnunuzi mwingine.